Mvuke kwa Niaba ya Gozbert

Mpakani, 2 Desemba 1978

Mama mpenzi,

Shikamoo. Pokea salamu zangu zikiwa mbichi, maana kalamu ni ya kuazima na mwenyewe ameketi hapa ananikodolea macho. Mimi ni mzima, ukiiacha pua. Hofu ni kwako na hiyo miguu yako, na mbuzi, na paa la jiko ambalo niliondoka sijamaliza kuliezeka.

Siruhusiwi kusema tuko wapi, ila mto Kagera nauona. Mvua huku hainyeshi, inamwagwa. Tunalala kwenye mahandaki, maji yanafika vifundoni, na mafua yamenikamata tangu tulipofika. Yalianza kama mafua ya kawaida, ya kupiga chafya na kufuta pua kwa mkono wa shati (hapo usisome kwa sauti). Sasa yamepanda juu. Nina uzito kati ya nyusi, na nikiinama kufunga kamba za buti naona kichwa kinataka kutangulia Uganda peke yake. Rafiki yangu wa handaki, Shibuda, Msukuma wa Biharamulo, anasema kwa ninavyokoroma adui hana haja ya kututafuta.

Lakini jambo lenyewe ni hili, mama. Sisikii harufu. Maharage, moshi, koti lililolowa, vyote kwangu ni kimoja. Jioni nafumba macho nijaribu kuikumbuka harufu ya nyumba yetu, haiji. Mlango nauona, wewe nakuona, lakini kama picha ya kwenye kalenda. Naogopa nisije nikasahau njia ya kurudi. Nifanye nini?

Mwanao,
Gozbert


Kijiji cha Ujamaa, Murukulazo, 20 Desemba 1978

Mwanangu Gozbert,

Marahaba. Mimi ni mzima, miguu ni mizima, mbuzi amezaa, paa linavuja. Haya, salamu zimekwisha, tuingie kwenye pua.

Barua hii naiandika mwenyewe. Mimi darasa la watu wazima siendi kusinzia kama baba yako mdogo Xavery. Ukiona herufi zimelala, ziamshe.

Chemsha maji, yaache yawe vuguvugu, tia chumvi kidogo tu, yawe kama machozi. Yavute kwa tundu moja, yaache yatoke, kisha lile la pili. Itawasha na utalia, ndiyo kazi yake. Asali nakutumia chupa kwa Ildefonce wa Nyamiaga anayekuja huko na kundi la pili; akikufikishia nusu mshukuru. Inywe na maji moto na limau, kama limau lipo. Kitunguu swaumu ukikipata kitafune, hata kama Shibuda atahama handaki. Ukilala inua kichwa, weka na kitambaa cha maji moto hapo kati ya nyusi.

Lakini hizo zote ni dawa watoto. Baba yao ni kujifukiza. Majani ya mkaratusi na mchaichai, chungu kichemke, ukiepue, ukae nacho ndani ya blanketi mpaka jasho likutoke nyuma ya masikio. Uso usiusogeze sana, usije ukanirudia umeiva.

Majani haya nimekuchumia kwenye mahame yetu kule mlimani. Tangu tuhamishiwe huku barabarani, mkaratusi wa marehemu baba yako umerefuka hata huujui tena. Nyumba haina paa, lakini migomba inazaa kama vile hatujaondoka. Kulikuwa na ukungu, nikakaa kidogo kwenye jiwe la kusagia. Nilisikia nyayo nyuma ya nyumba, nikawaza, ah, Gozbert amerudi kutoka kisimani. Nikasubiri ndoo itue. Haikutua, nami sikuhuzunika, nilikaa tu.

Na hilo la kusahau njia liache. Njia haipiti puani.

Mama yako,
Rozalia


Mpakani, 11 Januari 1979

Mama mpenzi,

Shikamoo, na hongera kwa mwandiko. Hakuna herufi iliyolala, zote zinasimama kama mgambo. Huku hatujambo. Majani yamefika yakiwa unga. Asali haikufika, Ildefonce anasema chupa ilipasuka njiani, lakini midomo yake ilikuwa inang'aa.

Maji ya chumvi nilifanya. Nililia kama ulivyosema, tundu la kushoto likafunguka kidogo, likajifunga tena. Kujifukiza ndiko kulikotuponza. Tulichemsha maji alfajiri kwenye mestini, kile kibakuli cha bati cha jeshi, mimi na Shibuda tukaingia chini ya blanketi moja, kwa kuwa naye alikuwa ameanza kikohozi. Mvuke ukatoka pembeni ukapanda. Kwenye baridi ile mvuke unaonekana mbali, mama. Afande akadhani tunampa adui ishara. Alipofunua blanketi alikuta wanaume wawili wanachuruzika jasho na machozi, mmoja anamwambia mwenzake "vuta tena". Tumechimba vyoo vya kikosi kizima, na moto sasa ni marufuku.

Basi nimebaki na pua yangu. Asubuhi ukungu ukikaa juu ya mto nautazama muda mrefu. Maji haya yametoka wilayani kwetu, yameporomoka Rusumo ndipo yakazunguka kuja huku. Nayauliza kama yamekuona. Shibuda anasema mtu akianza kuongea na mto anahitaji kupumzishwa, lakini nilimsikia naye akiusalimia kwa Kisukuma.

Wanasema tutasonga mbele.

Mwanao,
Gozbert


Murukulazo, 30 Januari 1979

Mwanangu Gozbert,

Marahaba. Mimi mzima, na Shibuda mpe pole ya vyoo.

Nimefikiri. Kama wewe huwezi kujifukiza, nitajifukiza mimi kwa niaba yako. Mama yangu alimfanyia hivyo kaka yangu alipokwenda Buganda kulima pamba za watu, na mimi nilikuwa namcheka. Sasa sicheki. Dafroza jirani yangu ndiye anayecheka. Nikamuuliza: siku ya ubatizo wa Gozbert, padri wa Rulenge alimkubali msimamizi aseme "namkataa Shetani" kwa niaba ya mtoto aliyelala ananyonya kidole. Mbinguni wamelikubali hilo, mvuke utakataa kwa kiburi gani? Akaenda, akaniletea mchaichai wa kwake.

Kwa hiyo kila alasiri, tukitoka shamba la kijiji, naingia ndani ya blanketi na chungu. Navuta mara moja kwa ajili yangu, mara moja kwa ajili yako. Ndani mle kuna giza la kijani, mwanangu, sijui nilielezeje. Baada ya kitambo pumzi yangu huwa mbili. Jana nilikuona unapanda mteremko wa nyumbani, viatu umevining'iniza shingoni kama ulivyokuwa ukitoka shule. Ukungu ulikufika kifuani. Nikakuita, ukageuka, ukaniambia kitu kirefu kwa utulivu kabisa, ila sikukishika maana Dafroza alifunua blanketi kuniomba chumvi. Nilimpa chumvi na maneno yake.

Ukisikia pua inaachia alasiri, ujue ni mimi.

Mama yako,
Rozalia


Mahali siwezi kutaja, 18 Machi 1979

Mama,

Shikamoo. Mimi ni mzima.

Pua imefunguka. Ilikuwa alasiri, saa uliyosema. Tulikuwa tunatembea kati ya mashamba ya migomba, nikasikia hapa kati ya nyusi kitu kinaachia kama komeo. Kwanza ilikuja harufu ya udongo uliolowa, kisha majani ya migomba, kisha ndizi zilizoivia mtini. Nikacheka peke yangu. Kwa dakika chache nilikuwa nyumbani, mama, nilikuwa nimefika, ningeweza kukushika mkono. Kisha upepo ukageuka.

Sitaandika kilichokuwa upande ule. Watu walikuwa wamelala pale siku nyingi, wao na wetu, na jua ni kali. Kumbe wenzangu wote walikuwa wakitembea ndani ya harufu hiyo tangu tuvuke mpaka. Mungu alikuwa amenifunga pua mimi peke yangu, nami nikaomba nifunguliwe.

Shibuda alikuwa miongoni mwao. Alikuwa ametangulia na kikosi cha mbele na tulikuwa hatujui yaliyompata. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni mpaka mahali pa kumzika. Alikuwa mrefu, miguu yake ilikuwa inaburuta.

Acha kujifukiza, mama. Nakuomba.

Mwanao,
Gozbert


Murukulazo, 15 Aprili 1979

Mwanangu,

Nimeacha. Blanketi nimelifua, nimelianika.

Shibuda nimemwombea misa Rulenge, ingawa sijui alikuwa akisali wapi. Padri hakuuliza. Nililia kanisani kama ni mtoto niliyemlea, na watu wakadhani ni wewe, wakaja kunishika mikono. Ikabidi niwaambie hapana, Gozbert yupo.

Niandikie. Hata jina lako tu.

Mama yako,
Rozalia


Murukulazo, 20 Julai 1979

Mwanangu Gozbert,

Salamu nilizokuandikia mwezi wa tano na wa sita naona zimepotea njiani, basi nazituma upya. Mimi ni mzima.

Vita vimekwisha, redio ya mwenyekiti wa kijiji imesema. Ildefonce amerudi Nyamiaga na miwani ya jua, anaivaa hata kanisani. Nilimwendea kwa miguu. Nikamuuliza habari zako, akaivua ile miwani, akasema uko hai na una viungo vyote. Nilimuuliza mbona huandiki, akaivaa tena.

Kama uko hai sina ugomvi na wewe. Lakini njoo. Jiko nimeliezeka mwenyewe, vibaya, unahitajika uje ulicheke.

Mama yako,
Rozalia


Biharamulo, 7 Oktoba 1979

Mama,

Shikamoo. Mwili wangu ni mzima, nasali nawe uwe hivyo. Barua zako zote nimezipata. Nisamehe.

Nilipewa ruhusa ya kurudi mwezi wa nane. Niko Biharamulo kwa mzee Hatibu, mwenye duka la nguo na viungo. Wazee wake walitoka pwani. Namshushia magunia, ananipa chumba cha uani. Nilikuja huku kumpa pole mama yake Shibuda. Nilifika kwake, nikamwona anapepeta mahindi, nikashindwa kuingia. Nilisimama barabarani, kisha nikaondoka.

Kwa sababu nanuka, mama. Ile harufu haikubaki kule. Iko mgongoni, pale nilipombeba. Sabuni madukani hakuna, lakini mzee Hatibu ananimegea kipande, najisugua mpaka ngozi inauma. Bi Mwanaharusi, mkewe, ananifukizia nguo kwa udi, anasema nanukia kama bwana harusi na kwamba hasikii kitu kingine. Ni mpole tu. Mimi naisikia, zaidi mvua ikinyesha.

Nawe pua yako naijua. Unajua maziwa yamechacha kabla hujafungua kibuyu. Nikija utanikumbatia, ndivyo ulivyo, na utaisikia, na uso wako utabadilika hata kama hutaki. Kila kitu nimeweza kukibeba. Hicho sitakiweza. Niache nikae huku, nitakuwa nikikutumia salamu.

Mwanao,
Gozbert


Murukulazo, 25 Oktoba 1979

Mwanangu Gozbert,

Marahaba. Leo sikuambii mimi ni mzima, maana si mzima. Nina mafua.

Sikuyapata, niliyatafuta. Nilipomaliza kusoma barua yako nilitoka nikakaa mvuani. Dafroza akaja mbio na jani la mgomba anifunike, nikamfukuza. Nikalala na nguo zilizolowa. Asubuhi nikaamka mzima kabisa, ngozi hii imezoea shida. Nikaona nikipoteza muda nitashindwa, nikaenda kwa Marsiana, yule ambaye watoto wake pua hazijakauka tangu wazaliwe. Nikawapakata mmoja mmoja, nikawabusu, nikala nao sahani moja. Marsiana alidhani nimependa wajukuu ghafla. Mungu si mchoyo, siku chache tu nikaanza kupiga chafya.

Sasa yamepanda. Matundu yote mawili yameziba. Maziwa yamechachia kibuyuni sikujua. Dafroza ameunguza maharage, nimeyala nikamsifu, akaenda zake amefurahi. Naye ananiletea kila kitu, tangawizi, asali, majani ya mkaratusi ya kwangu mwenyewe kutoka mahameni, na kila kitu namrudishia. Anasema nimechanganyikiwa. Namwambia mganga ni mimi, mgonjwa ni mimi, na tumekubaliana.

Sibishani nawe, Gozbert. Mtu ndiye anayejua mzigo wa mgongo wake. Labda unanuka, labda Bi Mwanaharusi ndiye msema kweli, mimi siwezi kujua na sasa sina hata cha kujulia. Ninalokuambia ni kwamba hapa yupo mama ambaye pua yake haifanyi kazi, na mikono yake inafanya. Njoo na hiyo harufu. Ukiogopa uso wangu, utaukuta umevimba na macho yanatoka machozi, na utajua ni mafua.

Lakini fanya haraka, mwanangu. Leo asubuhi nilisikia harufu ya moshi kwa mbali, nikashtuka, nikarudi kuoga maji ya baridi. Sijui nitayashikilia mpaka lini. Na yakipona ukiwa umeshaingia ndani, basi nitakuwa nimekuzoea.

Mama yako,
Rozalia


Biharamulo, 3 Novemba 1979

Mama,

Shikamoo. Leo nimeingia kwa mama yake Shibuda. Alinipa kigoda, tukakaa.

Lori la kwenda Ngara linaondoka Jumatano, nimepata nafasi juu ya magunia. Barua hii nampa mtu wa Rulenge anayetangulia. Mwambie Dafroza asikushawishi na asali yake.

Tafadhali usipone kabla sijafika.

Mwanao,
Gozbert