Karatasi Namba Tisa

Jumatatu, 9 Agosti 1971

Moraa, chumvi ina karatasi yake. Inatoka nayo dukani. Karatasi ya kufungia chumvi haitoki katika sanduku langu la nyimbo, hata kama jirani amesimama mlangoni anangoja kugawiwa. Miaka minne umeolewa na mwanangu na bado hujui sanduku lile ni la nani?

Nimemwambia hivyo mbele ya jirani mwenyewe. Ameinamisha kichwa. Vizuri.

Karatasi ni namba 23, nyimbo za arusi moja ya Ekerenyo, wino mwekundu. Imelowa pembeni. Nimeianika karibu na meko. Daftarini nimeandika: imeharibiwa na chumvi, ubeti wa mwisho umefifia.

Mvua saa nane, kama kawaida.

Jumatano, 11 Agosti

Leo namba 30 hadi 38. Kila moja naandika imetoka wapi, nani alinipa, rangi ya wino, imechanika wapi. Mafungu yangu ni manne. Za kuoa. Za kuzika. Za makambi ya kanisa. Za siasa. Lile shairi la uhuru la karatasi ya kijani, lililokuwa likiuzwa sokoni kwa kuimbwa, nimelitia katika siasa ingawa nusu yake ni kumtukana mke mvivu.

Namba 33 na 36 zimepigwa chapa na mtu mmoja, Kisii mjini. Herufi k imekatika mguu katika zote mbili. Mwalimu wetu wa kisomo cha ngumbaru alicheka nilipomwonyesha. "Nyanya, kazi hii hufanywa na watu wenye digrii." Nikamwambia basi waje niwafundishe.

Ijumaa, 13 Agosti

Namba 9 haipo. Nimetoa zote. Nimezipanga sakafuni mara tatu. Kutoka 8 inaruka hadi 10.

Namba 9 ni ya kwaya ya shule, ya mashindano. Mbele wimbo. Nyuma majina ya waimbaji. Wa saba ni Kerubo, binti yangu. Surua ilimchukua kabla ya likizo. Hatukuwahi kumpiga picha. Jina lile ndicho kitu pekee cha Kerubo kilichopigwa chapa duniani.

Nyingine zote zikipotea nitanuna wiki moja, yaishe. Hii hapana.

Sijala.

Jumamosi, 14 Agosti. Sabato

Mahubiri sikuyasikia. Tulipotoka kanisani nilimkabili Moraa. Nilimwambia ameifungia kitu au ameiwashia moto. Akafungua mdomo, nikamwambia aufunge. Nilimwita mharibifu. Na mengine ambayo siyaandiki.

Jumapili, 15 Agosti

Moraa amekwenda kwao Gesima, mtoto mgongoni. Hakuaga. Mwanangu Nyakundi yuko kazini Kericho hadi mwisho wa mwezi. Nyumba yao hapo ng'ambo ya migomba haina moshi.

Aende.

Jumanne, 17 Agosti

Bosibori, mke wa shemeji yangu, ameniambia jambo leo tukichuma chai. Wiki mbili zilizopita alimwona Moraa akitoka kwangu na karatasi kuukuu. Ameishika kwa mikono miwili kama anayebeba mayai. Akaingia nayo kwake moja kwa moja hadi chumbani.

Kwa hiyo haikuchomwa. Nilikaa chini palepale kwenye majani.

Tulikwenda sote wawili. Mlango wa mbele ulikuwa umerudishiwa tu. Sebuleni haimo. Kati ya sebule na chumba cha kulala kuna pazia la maua. Basi. Pazia. Lakini chumba anamolala mwanao na mkewe huingii. Mama yangu hakuingia. Mama yake hakuingia.

"Ingia," Bosibori akasema. "Nani atakuona?"

"Ingia wewe."

"Mimi? Nyakundi si mwanangu pia? Unataka niaibike uzeeni kwa ajili ya karatasi yako?"

"Basi inua pazia kwa fimbo tuchungulie."

"Ee! Kuchungulia ndiko kuingia. Macho nayo yana miguu."

Tumerudi. Na kumtuma mgeni ndani ya chumba cha watu ni kumtuma mwizi.

Ijumaa, 20 Agosti

Nimekwenda tena, peke yangu. Nilisimama mbele ya pazia mpaka magoti yakauma. Upepo ulilisukuma kidogo, nikafumba macho haraka. Mwanamke mzima, amefumba macho katika nyumba tupu.

Nina hasira na pazia. Nina hasira na mama yangu aliyenifundisha. Zaidi nina hasira na mdomo wangu. Msichana yule angenijibu kama ningemwacha amalize neno moja.

Kwenda Gesima siwezi. Mtu haendi kwa wakwe bila kualikwa. Akiwa na makosa, ndiyo haendi kabisa.

Jumapili, 22 Agosti

Nimemtuma Bosibori Gesima na mkungu wa ndizi.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie arudi."

"Na pole je?"

"Pole nitaitoa mwenyewe. Si mzigo wa kubebeshwa mtu."

Alicheka njia nzima. Nilimsikia mpaka alipopinda kule chini.

Jumatatu, 23 Agosti

Hakuna. Mvua tu. Vipi kama mama yake amekataa? Ningekuwa mimi, ningekataa.

Jumanne, 24 Agosti

Amerudi.

Sikungoja aketi. Nilimwambia nilikosea. Neno lilitoka kama mfupa uliokwama kooni, lakini lilitoka. Akanipa mtoto nimshike, akapita kwenye pazia, akatoka nayo.

Namba 9. Nzima. Matundu manne kwenye pembe, maana aliishikiza ukutani juu ya kitanda kwa miiba ya mlimau, upande wa majina ukitazama nje. Nikahesabu kwa kidole. Wa saba. Yupo. Nikaketi sakafuni na mtoto wao mapajani.

"Ulinyamaza kwa nini?"

"Mama, ningesemaje? Ningekuambia iko wapi, ungeuliza ni ya nini. Na hayo siwezi kukutamkia mimi."

Ndipo nikalitazama gauni lake. Mimi niliyezaa tisa, sikuona tumbo la miezi mitano! Macho yote yalikuwa kwenye makaratasi.

Anataka jina. Kwetu mtoto huitwa jina la aliyetangulia. Alikuwa analisoma kila asubuhi akiamka, alizoee, aone kama linakaa vizuri mdomoni.

"Linakaa?" nikamuuliza.

"Linakaa, Mama."

Nimelia mbele ya mkaza mwana. Haidhuru. Nimemkanya pia: kitu cha mtu huombwa. Amekubali.

Jumapili, 29 Agosti

Asubuhi tulivu. Nyakundi aliwasili jana jioni. Hakuambiwa kitu, na haulizi.

Karatasi imerudi ukutani kwao kwa ruhusa yangu, hadi mtoto azaliwe. Daftarini, mahali pa kuandika iko wapi, nimeandika: chumba nisichoingia. Nilidhani nitaumia. Sikuumia. Iko mahali inaposomwa. Usiku nalala moja kwa moja hadi jogoo.

Ila leo Moraa ameniambia bati lao lina tundu upande wa mto wa kulalia, na kwamba tangu irudi ameihamisha karatasi mara mbili kuiepusha na maji. Mambo hayo yanasemwa leo!

Kesho asubuhi Nyakundi apande juu ya paa azibe tundu hilo kwa lami, kabla ya mvua ya saa nane. Moraa asimshikie ngazi, nitaishika mimi. Kericho ingoje.