Mwenye alikuwa anapanguza dushe yangu

Alhamisi, mangaribi

Siku ine mufululizo nilikuta ukuta wa dushe umepanguzwa, na si mimi. Nilijua kuna mutu anataka kuniambia kitu.

Rakleti, ile ya mupira ya kuvutia maji ukutani, niliinunua mwenyewe, kwa sababu maji yetu ikikauka inaacha alama nyeupe kwenye karo, vile vigae vya ukuta. Mama wa sokoni alinishauri, "Chukua ya mupira laini, ile ngumu inaruka fasi zingine." Kila asubuhi nikimaliza kuoga ninaivuta toka juu mupaka chini. Papa Aline, bwana yangu, anaoga wa mwisho, analowesha ukuta tena, na rakleti haigusi.

Basi anabakia mama yake, mwenye alikimbia vita kule Rutshuru na analala katika salon yetu, pale tunakaribisha wageni. Nilijisemea: anatafuta kuonyesha mutoto wake kama alioa muchafu.

Leo nilitoka kazini mapema makusudi. Nilimukuta ndani ya dushe, kitenge amekikunja mupaka magoti, rakleti mukononi.

"Mama, nani alikuambia ufanye hii?"

Hakunitazama. "Hakuna mutu. Nilisikia mukisema nyumba ni ndogo, na siku zangu zimekuwa mingi. Nikaona heri nisaidie."

Nilimunyanganya rakleti, kisha nikasikia haya, nikamurudishia. Nilimwambia hapa ni kwake. Sijui kama aliniamini.

Ni kweli tulisema vile, mimi na Papa Aline, mbele yake kabisa. Tulisema kwa Kifaransa. Miezi ine yote tulifikiri hasikii Kifaransa.