Barua Nne Zilizosema Salama

Jumatatu, 3 Machi

Barua tena. Majibu ya mkojo wa akina mama wa mwaloni, kule wanakosafishia dhahabu, wanaochanganya zebaki na mchanga wa dhahabu kwa mikono. Masanja wa maabara anaingiza vipimo kwenye faili la XML, faili langu la XSLT, lenye maelekezo kwa kompyuta, linavigeuza kuwa barua. Kipimo kikiwa kikubwa: acha zebaki, njoo kliniki. Cha kati: rudi baada ya mwezi. Vinginevyo: upo salama. Kazi safi. Najisifu mwenyewe, maana hapa kliniki hakuna wa kunisifu.

Jumatano, 5 Machi

Nikiwa nakunywa chai na Masanja, kaniambia mashine ya kupimia ina kikomo. Kipimo kikipita hapo, haitoi namba.

"Sasa wewe unajaza nini?"

"Naandika 'imezidi', dada. Ningeandika nini?"

Nikaacha chai, nikakimbilia kwenye kompyuta.

"Imezidi" si namba. Je, ni kubwa kuliko kiwango? Kompyuta inajibu hapana. Ni ya kati? Hapana. Basi inaangukia kwenye vinginevyo. Upo salama. Walioathirika kuliko wote ndio niliowapongeza.

Nimehesabu. Wanne.

Masanja hana kosa. Mimi ndiye niliyejaribu faili kwa namba nzuri nzuri za kutunga. Mjinga kabisa.

Alhamisi, 6 Machi

Mficha uchi hazai. Nimeingia kwa daktari asubuhi, nimesema yote. Hakufoka. Afadhali angefoka.

Watatu wamepatikana kwa simu. Wanakuja kesho. Wa nne ni Mama Kulwa, yuko mwaloni upande wa Kharumwa. Ana mimba ya miezi sita. Simu yake haipatikani. Sijala tangu jana.

Ijumaa, 7 Machi

Kharumwa. Matope. Nimemkuta Mama Kulwa ameinamia karai, mikono mitupu ndani ya zebaki. Vidole vinatetemeka.

Barua yangu ameivisha nailoni na kuitundika kwenye nguzo ya kibanda. Amekuwa akiwaonyesha wenzake kwamba zebaki haina neno. Wawili walikuwa wameshaacha. Wamerudi kwa sababu ya karatasi yangu. Aibu imenichoma mpaka masikioni.

Nimewaambia wote: barua si ya kweli, kosa ni langu. Mama Kulwa kaitoa mikono kwenye karai.

"Mikono ilikuwa inaniambia," akasema. "Mimi nikaamini karatasi."

Kanawa, kachukua khanga yake, tumepanda gari. Wale wawili wamepanda nasi.

Jumamosi, 8 Machi

Mapigo ya moyo ya mtoto ni mazuri. Daktari anasema mtoto atafuatiliwa, na mama akikaa mbali na zebaki kutetemeka kunaweza kupungua. Wale watatu nao walifika jana. Wote wanne wako mikononi mwa daktari.

Nimejifungia chooni nikalia. Kisha nimekula sahani mbili za ugali.

Jumatatu, 10 Machi

Faili jipya. Swali la kwanza sasa: hii ni namba? Ikiwa ni neno "imezidi", njoo leo hii. Salama imepata sharti lake lenyewe, haiokotwi tena mwishoni. Na vinginevyo inasema: hatujui, rudi upimwe.

Masanja amejaribu kulishinda. Ameacha wazi, ameandika "bado", ameandika hata jina la mbuzi wake. Kila barua imetoka: hatujui, rudi upimwe. Mbuzi naye apimwe. Tumecheka mpaka daktari akachungulia.

Jumatano, 9 Aprili

Majibu mapya ya Mama Kulwa. Ni namba. Bado kubwa, lakini namba. Sijawahi kufurahia namba mbaya kiasi hiki.

Amekuja kuchukua barua. Anauza mboga sasa, na dada yake. Nimemnyooshea karatasi, hakuipokea. Ameweka mikono juu ya meza yangu kwanza, viganja chini. Tumeitazama wote wawili. Inatetemeka kidogo tu.

Ndipo akasema, "Haya, soma."