Chochote Mtakachojaliwa

Kocha wangu, Mama Lusajo,

Vimefika. Nimeona nianze na hilo, maana ungekuwepo usingenivumilia nizunguke na salamu. Mipira ya pete, raba, jezi, pampu. Vilishushwa jana mchana kwenye basi la kutoka Iringa, mimi na Atu tukavibeba kichwani mpaka mtaani kwetu Soweto. Watu njiani walituuliza tunahamia wapi.

Ulipotuacha, timu nayo ilianza kufa. Ule mpira uliompelekea fundi viatu aushone ulipasuka muda mfupi baada ya msiba. Tukajaribu kuchezea wa matambara, haudundi. Wasichana wakapungua, tukabaki watano. Mama zao walisema bora wakasaidie gengeni kuliko kwenda kusimama uwanjani. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, jioni sina pa kwenda. Siku nyingine nilikuja peke yangu, nikafagia uwanja, nikarudi nyumbani.

Mwanao Lusajo ndiye aliyeniletea faili lako. Alisema, "Sekela, mama alikuwa anakutaja wewe. Mimi mpira siujui." Ndani nilikuta maombi uliyoupelekea ule mfuko wa Iringa unaosaidia michezo ya vijana. Maombi matatu, na majibu matatu ya kukataliwa. Nililia, Kocha. Nilikumbuka ulivyotuambia siku ile umekaa juu ya tofali, "Labda hatujafikia kiwango chao." Uliondoka ukiamini hivyo. Hilo ndilo lililokuwa linaniuma kuliko mpira.

Halafu nikasoma tena, polepole. Kwenye fomu kuna mahali wanauliza: vifaa gani, vingapi, vya nani. Na wewe, kwa ule mwandiko wako mzuri, mara zote tatu umeandika: "Chochote mtakachojaliwa, tutashukuru."

Nilikusikia kabisa. "Ukikaribishwa ugali huulizi mboga." Ndivyo ulivyotulea.

Kubadilisha maneno yako niliona kama kukukosea adabu. Nilikaa na fomu mpya siku nne bila kuigusa. Mwisho nikaanza kuwauliza wasichana wanavaa namba ngapi. Wote walidanganya! Kila mmoja alitaja namba kubwa ili raba zidumu. Atu, na ule mguu wake wa kitoto, alisema arobaini na mbili. Ikabidi niwasimamishe mmoja mmoja juu ya kipande cha boksi, niwachore nyayo kwa kalamu.

Nikaijaza fomu, nikaituma. Wakaniita Iringa nikajieleze. Atu alicheka mpaka akakaa chini. "Wewe ukiulizwa jina unaangalia viatu. Huko utaongea na nani?" Ndani ya basi, kuanzia Makambako, nilikuwa nasema orodha kimoyomoyo kama sala. Nilipofika mbele yao, watu watatu nyuma ya meza, nikaangalia viatu. Mama mmoja aliyevaa miwani akaniuliza, "Pampu mbili za nini, binti?"

Ikanitoka tu: "Moja wavulana wataiazima, mama, na hatutaiona tena."

Wakacheka. Hapo nikapata pa kuanzia. Nikawafungulia vile vipande vya maboksi vyenye nyayo, nikaeleza mpaka mwisho.

Nilipokuwa nafunga maboksi, yule mama akauliza Mama Lusajo yuko wapi siku hizi. Nikamwambia. Alivua miwani. Akasema, "Pole sana, mwanangu. Barua zake tulikuwa tunazipenda. Tulishindwa tu kujua tununue nini."

Kocha, hicho ndicho nilichotaka ukijue. Haikuwa kwamba hatujafikia kiwango. Kidogo niliwakasirikia, maana si wangepiga simu wakauliza? Lakini hasira haikukaa. Nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi kwenye ile baridi yao, nikavuta pumzi ndefu. Nadhani ndiyo ya kwanza tangu tukuzike.

Leo jioni wamekuja kumi na tisa. Wengine siwajui, wamesikia tu mpira unadunda. Atu amenuna kwa sababu raba zake zimemtosha sawasawa. Nilipiga filimbi mimi. Mara ya kwanza haikusikika. Nikapiga tena.

Pumzika sasa, Kocha. Ndaga fijo, asante sana, kwa kila jioni uliyotupa. Nakuahidi nitapokea kwa mikono miwili kama ulivyotufundisha. Lakini wanachohitaji hawa wasichana nitakitaja kwa jina lake, hata sauti ikitetemeka. Nguzo za magoli zimeoza chini. Kesho asubuhi naenda ofisi ya kata kuomba mpya mbili, za chuma, na urefu nimeshaupima.

Mimi mchezaji wako,
Sekela