Swali Nililouliza Mirongo

Mjukuu wangu Kabula, marahaba.

Mpaka leo nausikia mchi niliousikia mtaani Mirongo nikiwa kijana. Huku Mkolani hatujambo, ila babu yako anasumbuliwa na magoti.

Unashangaa redio kusema wasio na kazi wamepungua, na ninyi mmekaa tu. Miaka ya ujamaa nilikuwa karani kijana, nikipita nyumba kwa nyumba na fomu. Aliyeandikwa hana kazi alirudishwa kijijini.

Huko Mirongo nilimkuta mama mjane akitwanga muhogo mkavu, auze unga sokoni.

"Mama, una kazi?"

"Niipate wapi, mwanangu? Wenye kazi si ninyi wenye viatu!" Akacheka, huku akitwanga.

Nikaandika: Hana. Nilipofika kona, mchi bado unalia. Nikasimama. Kumbe jibu lilitegemea nilivyouliza!

Basi ukisikia takwimu hiyo ya redio, uliza waliitaje kazi. Kibarua cha saa moja huenda kinahesabiwa. Aliyechoka kutafuta huenda hahesabiwi kabisa.

Mimi nilirudi kwa yule mama, nikamuuliza, "Tangu asubuhi umefanya nini?" Alisimulia mpaka kalamu ikachoka. Nikafuta "Hana", nikaandika "Mtwanga na muuza unga", na fomu nikaikabidhi hivyo hivyo.

Bibi yako