Misa ya Anselme Isiyo na Gloria

Ndugu yangu Anselme,

Nimempiga mtu. Nimempiga kwa ngumi, halafu kwa kile kinara cha chuma cha kuwekea nota, mpaka meno yake mawili yakaanguka kwenye saruji ya ukumbi wa parokia, mbele ya mke wako. Nakuandikia kwa sababu hiyo, na kwa sababu ya jambo jingine ambalo nimelificha mwaka mzima. Nitafika huko. Univumilie, mkono bado umevimba na kalamu inanisumbua.

Tangu uondoke, fanfare, bendi yetu ya parokia, imepungua. Anastasie wa klarineti ndiye anayetuongoza. Anahesabu polepole, tena anasema "tafadhali." Wewe hukuwahi kusema tafadhali. Wewe ulirusha fimbo ya kuongozea. Unakumbuka tulipokuwa tunajaribu kile kipande chako kuhusu maporomoko ya Tshopo? Fimbo yako ilinipasua juu ya jicho, na damu ikinitiririka ulipiga kelele: "Faustin! Maji ya Tshopo inaua watu, na weye unanipigia supu! Piga!" Nikapiga. Tuba yangu ilitikisa madirisha. Baadaye ulinisafisha jeraha mwenyewe kwa maji ya chumvi, huku ukiniimbia sikioni namna ulivyotaka ile sauti ya chini iingie.

Watu wanadhani muziki wa kanisa ni wa kutuliza. Wako haukumtuliza mtu. Ulizaliwa Yanonge kwa mvuvi, ukajifunza nota Isangi kwa mwalimu aliyekuchapa vidole kwa rula kila ulipokosea, na nadhani vidole hivyo havikusahau. Kisha majeshi ya kigeni yakaja kupigana katikati ya mji wetu. Tulilala kifudifudi chini ya kitanda chako, mimi, wewe na mkeo Régine mwenye mimba, na wewe ulikuwa unahesabu milipuko. Nyumba ya jirani ikapigwa. Tulisikia mtu analia, halafu halii tena. Ukanong'ona: "Hii njo Agnus Dei yangu. Matoazi itaingia pale." Régine alikuzaba kofi, hapo hapo chini ya kitanda. Lakini uliiandika, hiyo Mwanakondoo wa Mungu. Kila tulipoipiga, akina mama waliozika watoto wao walitoka kanisani wakilia kwa sauti, na Jumapili iliyofuata walikuja kuiomba tena.

Sasa ile Jumapili.

Tulivuka mto asubuhi kwenda ukingo wa kushoto, kupiga Misa yako mpya katika kanisa dogo la matofali. Uliiandika kwa miaka miwili, kwa penseli, kila ulipotoka kazini kwenye reli. Karatasi zote zilikuwa ndani ya mkoba wako wa ngozi, hata zetu wapigaji, kwa sababu hukutuamini tukae nazo nyumbani; kanisani ulitugawia zetu, nakala yako kuu ikabaki mkobani, maana uliongoza kwa kichwa. Tulijua kwamba huko watu wa pande mbili wanagombania ardhi, na kwamba nyumba zimeshachomwa. Nilikuambia tusiende.

"Bon, weye baki na uoga yako," ulisema. "Tuba itaenda yenyewe na toleka."

Nikapanda hiyo toleka, baiskeli ya kukodi, na tuba yangu, nikaja.

Tulikuwa katikati ya Credo, ile Nasadiki, walipoingia. Walikuwa na mapanga, na mmoja alibeba bidoni ya petroli. Mzee wa mlangoni walimkata shingo kabla hajageuka, damu ikaruka mpaka kwenye ngozi ya ngoma kubwa. Watu walikanyagana. Mwanamke mmoja aliniangukia magotini, sijui alikuwa nani, nikamsukuma. Nikaitupa tuba, nikaruka dirisha la sakristia.

Wewe uliwaendea. Nilikuona kupitia dirisha lile lile, fimbo bado mkononi, umekasirika kama mtu aliyekatizwa wimbo. Mmoja akakuuliza: "Weye iko mutu wa upande gani?"

"Miye iko mutu wa fanfare," ulimjibu.

Panga la kwanza lilishuka begani.

Halafu uliniita. Anselme, niliwaambia wote, Régine, watoto wako, padri, kwamba tulipotezana, kwamba kwa kelele zile sikusikia kitu. Nilisikia. Uliita "Faustin!" nami nilikuwa hatua chache tu kutoka ukutani, nikakimbia. Uliita tena nikiwa kwenye shamba la mihogo. Nililala chini, nikajijaza udongo kinywani nisije nikaitika. Uliita mpaka sauti ikawa si yako. Kisha nikaona moshi.

Walikuzika huko huko, nyuma ya kuta zilizoungua, maana siku zile hapakuwa na mtu wa pirogi aliyekubali kuvusha maiti mtoni. Sikuja kukuzika. Nilisema nina homa.

Mwezi uliopita Régine alitaka Misa yako ipigwe siku ya kuondoa matanga. Sote tulidhani karatasi ziliungua na kanisa. Basi tukaanza kuitafuta vichwani mwetu, kila mtu na kipande chake, Anastasie akiandika na kufuta. Siku ya nne, mchana, mwanamume akaingia ukumbini. Kofia mkononi, mfuko wa plastiki kwapani. Modeste wa tromboni akashusha chombo chake.

"Huyu njo ule wa bidoni," alisema.

Sikungoja aseme jina lake. Nilimpiga usoni akaanguka, nikamwinua kwa kola, nikampiga tena. Nikakamata kinara. Modeste alimkanyaga mkono, nikasikia mfupa ukivunjika. Régine aliyekuwa ametuletea lituma ya ndizi za kuponda aliacha sufuria ikaanguka, akaja kunivuta shati: "Faustin, acha! Utamuua!" Nilitaka kumuua. Sitakudanganya tena, kila pigo lilikuwa tamu. Nilikuwa nampiga huku nikijiambia kwamba ndivyo mtu anavyompenda rafiki yake.

Mfuko ukapasuka. Mkoba wako ukatoka.

Tulisimama wote. Anastasie aliufungua. Mwandiko wako ulikuwa mle, Kyrie, Credo, Sanctus, na ile Agnus Dei ya zamani uliyoiingiza mwishoni. Gloria, ule wimbo wa utukufu, haikuwemo. Yule mtu, akitema damu, alisema aliuchukua mkoba akidhani una pesa. Karatasi chache mke wake alizifungia karanga sokoni, mpaka mteja mmoja mwanakwaya akamwambia kwamba huo ni wimbo wa Mungu, wa fanfare ya ng'ambo ya mto.

"Tangu pale sikulala tena na hii kitu mu nyumba," alisema. Akainua uso, jicho moja limefumba. "Faustin njo nani? Papa ule wa fanfare alikuwa anamuita. Alimuita mingi sana. Nilitaka nimuambie."

Hakuna aliyenionyesha kwa kidole. Hawakuhitaji. Régine aliniangalia.

"Ulisema haukusikia."

"Nilisikia," nikasema.

Alinijia. Nilidhani atanipiga, na nilitaka anipige. Akanipita. Alivua kitenge chake cha begani, akapiga magoti kwenye chakula kilichomwagika, akamfunga yule mtu mkono uliovunjika. Hakumwonea huruma, Anselme, usifikiri hivyo. Alikaza kile kitenge mpaka mtu akapiga yowe. Kisha akasema bila kugeuka: "Utapiga siku ya Misa, sababu Anselme aliandika na sauti ya tuba. Kisha sitaki kukuona kwangu."

Yule mtu alipelekwa hospitali, na kutoka huko akakabidhiwa polisi. Nitakwenda kutoa ushahidi. Nitawaeleza aliyoyafanya, na nitawaeleza niliyomfanyia.

Misa tuliipiga. Baada ya Kyrie kanisa zima lilisubiri, na bibi mmoja wa mstari wa mbele akauliza kwa sauti: "Na Gloria iko wapi?" Anastasie akamjibu: "Iliuzwa na karanga, mama." Tukaendelea. Kwenye Agnus Dei matoazi yaliingia pale ulipotaka, watoto wakaziba masikio. Midomo yangu ilipasuka, nikapiga na damu. Ungenikaripia mahali pawili. Pengine patatu. Régine alitoka kwa mlango wa pembeni, nami nikabaki nimekaa na ile tuba ya kuazima magotini mpaka mlinzi akaja kufunga.

Sikuombi msamaha kwa karatasi. Nimekuambia ulivyoita na nilivyokimbia, kwa sababu wewe ulikuwa wa kwanza kustahili kuambiwa, na nimekuweka nyuma ya wengine.

Watoto wako bado wananiita tonton, kama ndugu wa baba yao. Mama yao hajawaambia. Ameniachia mimi kazi hiyo, naelewa hivyo. Kesho asubuhi, kabla hawajaenda kazini, nitakuwa barabarani mbele ya lango lao, na nitawaeleza yote, tangu dirisha la sakristia hadi udongo wa mihogo. Nakuahidi hilo, Anselme. Wakinifukuza, nitaondoka. Wakinipiga, nitasimama pale pale.

Kwaheri, ndugu yangu. Pumzika.

Faustin