Mita Mia Mbili na Kumi

4 Mei

Mwanangu,

Salaam nyingi. Natumaini wewe na mkeo hamjambo, na kwamba magoti yako bado yanazimudu ngazi pale lifti unazotengeneza zinapogoma. Mimi nipo. Moyo umechoka. Daktari ameacha kuniambia "tutaona", siku hizi ananiambia "pumzika, mzee." Nimesoma vya kutosha kujua maana yake.

Kwa hiyo sizunguki. Kiangazi kile nilipowapandisha mlimani, wewe ukiwa na miaka kumi na minne na mdogo wako wa kike tisa, hatukufika kileleni. Tuliishia kwenye bega la mlima, mita mia mbili na kumi chini yake. Nilijua. Nilikuwa mpima ardhi wa miaka kumi na sita, na kifaa cha kupimia mwinuko kilikuwa mfukoni. Nilikisoma mara mbili, nikakirudisha.

Miguu yangu ilikuwa imekwisha, kifua kimebana. Ningeweza kusema nimechoka, turudi. Badala yake nikasema, "Haya, tumefika!" Mama yenu akapiga vigelegele, mdogo wako akarukaruka. Wewe ukanyoosha kidole kwenye ukungu uliokuwa umepasuka kidogo.

"Baba, kilele si kile pale?"

"Hapa mpima nani?"

"Wewe. Lakini kile kiko juu zaidi."

Nikakuzaba kofi. Halafu nikakupa kamera utupige picha, ndiyo maana kwenye picha ya sebuleni haumo. Na tuliposhuka kwa kujikokota, nikasema sababu ni miguu ya mama yenu. Yake ilikuwa mizima.

Kofi peke yake lingepoa. Ila tangu hapo, kila ulipobisha jambo nyumbani nilikuita Bwana Kilele, na wenzako wakacheka kwa kuwa mimi nimecheka. Siku ya harusi yako nikasimama mbele ya wakwe zako nikawasimulia habari za kijana aliyekanyaga kilele huku akikitafuta kwingine. Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Ulitoka, hukurudi tena nyumbani, na hadi leo ni miaka kumi na tisa. Ulikuwa umesema kweli. Nisamehe.

Nina ombi. Mdogo wako anawapeleka wanawe mlimani Julai, na anatumia hesabu zangu: mwendo wa saa tatu kutoka kibanda cha mwisho hadi juu. Saa tatu ni hadi pale tulipoishia. Mbele yake kuna ukingo wa mawe, na kufika kweli ni mwendo wa saa tano na nusu. Baada ya saa sita mchana ukungu hufunga njia. Nenda nao, uhakikishe wanaondoka mapema. Usimwambie kwa nini. Yule ananiamini kuliko ramani.

Baba yako

29 Mei

Shikamoo Baba,

Barua nimeipata. Sisi wazima, na mke wangu anakupa pole. Magoti hayajambo. Lifti zinazogoma ndizo zinazotulisha.

Nilijua. Nikiwa na miaka ishirini na miwili nilipanda peke yangu. Nikafika juu, nikakaa, nikatazama chini pale mlipojipanga kwa picha. Sikufurahi hata kidogo. Nilitaka mtu wa kumwambia, na kila niliyemfikiria nilimsikia akisema, "Haya, Bwana Kilele kaanza tena."

Kuhusu ombi lako. Unaniomba radhi, papo hapo unataka nikufunikie uongo ule ule. Nikimwambia mdogo wangu kwamba saa zako si sahihi, atauliza nimejuaje, na tutarudi kule kule: mimi mbishi, Baba mpima. Akinibishia kule juu, watoto wakiwa wanatetemeka, nani atamshusha?

Mwambie mwenyewe. Ukimwambia, nitakwenda, hata begi lake nitabeba. Usipomwambia, tarehe mosi Julai nitampigia simu, naye aamue amwamini nani.

Mwanao

11 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimeiandika mara mbili kabla ya kuendelea, maana ni muda mrefu sijakuitikia.

Huna kosa, lakini umenikaba koo. Mdogo wako huja kila jioni. Ananikata kucha, ananisomea gazeti, na wanawe wakipita mbele ya ile picha huwaambia, "Babu yenu huyu ndiye aliyetufikisha." Amebaki mtu mmoja tu anayeniona mkubwa. Unataka niondoke duniani bila hata huyo?

Nipe siku.

Baba yako

27 Juni

Mwanangu,

Hukujibu. Nimeelewa kwamba hapakuwa na la kujibu.

Nilimwambia Jumapili iliyopita, mezani, mbele ya mumewe na watoto. Nilidhani watoto watanipunguzia makali. Mdogo wao, ana miaka minane, akaacha kula.

"Babu, ulidanganya?"

"Ndiyo."

"Ukiwa mtu mzima?"

"Mtu mzima, tena mwenye cheti."

Akamgeukia mama yake kuona kama hilo linaruhusiwa.

Mdogo wako aliondoa vyombo akaviosha vyote, hata ambavyo havikutumika. Kisha akasimama mlangoni, mikono inachuruzika maji. "Baba, Mama alikataa kila safari baada ya ile. Alikuwa akisema nyie nendeni, mimi nina miguu mibovu. Mpaka anakufa."

Nilikuwa nimekukumbuka wewe tu. Mama yenu sikuwa nimemfikiria, na huyo siwezi kumwandikia.

Siku tano hakuja. Alimtuma mumewe na dawa. Leo kapiga simu, hakuniamkia, kauliza namba yako tu. Nimempa.

Baba yako

19 Julai

Shikamoo Baba,

Tumeshuka jana, sote wazima. Naandika kwenye nyumba ya wageni chini ya mlima, wao bado wamelala.

Siku ya kwanza mdogo wangu alizungumza nami kama anavyozungumza na fundi aliyechelewa. Siku ya pili akaniuliza kama bado nakoroma. Begi lake nimebeba, na niamini, ameweka pasi ndani. Pasi ya nguo, Baba, mlimani.

Tuliondoka kibandani mapema. Tulipofika kwenye ukingo wa mawe, yule mtoto mdogo akashikwa na kichwa, akatapika mara mbili. Kilele kilikuwa mbele yetu, kweupe kabisa. Mkubwa akanivuta mkono: "Mjomba, kidogo tu kimebaki!" Mdogo wangu alinitazama.

Nilikitaka, Baba. Miaka yote nilitaka asimame pale aone kwamba sikuwa mwongo. Na watoto wanapokutazama vile, kusema hapana ni kazi. Hilo sikuwa nalijua nilipokuandikia.

Nikawaambia, "Kile pale ndicho kilele. Hatutakifikia. Tunageuka hapa."

Mkubwa alininunia hadi kibandani, kisha njaa ikamshinda. Yule mtoto mdogo kichwa kilipoa tulipokuwa tunashuka, akaanza kuimba, akatuchosha wote. Mdogo wangu alikaa karibu nami jioni akasema, "Basi hata mimi bado sijafika." Tukacheka mpaka mwenye kibanda akachungulia.

Hajakwisha kukukasirikia. Lakini ameninunulia tiketi bila kuniuliza, ya kuja kwako pamoja nao. Tunafika Jumamosi mchana. Jitahidi, Baba. Utusubiri.

Mwanao